Moshi wa Darini

Miaka ile maduka ya watu binafsi yalipoanza kufunguka Hedaru na sabuni kuonekana tena, Anaeli wa kijiji cha Mhezi alishuka Same pamoja na wanawake wengine kufundishwa kujenga jiko la udongo lisilokula kuni nyingi. Mumewe, Elirehema, alikuwa akipakia malori huko Hedaru. Anaeli alikaa mlimani na mama mkwe wake, Ernesta, ambaye macho yake yalikuwa yamechoshwa na moshi tangu ujana.

Aliporudi aliondoa mafiga, akakanda udongo wa kichuguu, akajenga jiko lenye bomba la kutolea moshi nje. Asubuhi lilipowashwa, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni ukalala juu ya migomba, na hewa ya jikoni ilikuwa angavu kuliko ya nje. Makande yalitokota kwa vijiti vichache. Ernesta, ameketi kwenye kigoda, alitazama boriti nyeusi zilizobeba dari la kuhifadhia mahindi, akasema hakuwahi kujua kwamba chumba chake cha jiko ni kikubwa hivyo.

Machozi yakaacha kumchuruzika. Mchana alisinzia palepale, na akiamka alisimulia ndoto yake: anatembea ndani ya nyumba isiyo na mwisho, na kila chumba kina dirisha. Anaeli naye hakuhitaji kwenda msituni kutafuta kuni kila mara. Alikaa mlangoni akitazama mawingu yakipita chini yake, akajiona kama mtu aliyehama bila kutoka nyumbani.

Alasiri moja ya kiangazi Ernesta alifumbua macho akauliza kama mvua imeanza. Anaeli alitoka nje. Jua lilikuwa linawaka. Aliporudi ndani alitulia, naye akaisikia: sauti laini isiyokoma, kama manyunyu juu ya majani makavu. Katika mwali wa jua uliopenya mlangoni, unga mweupe ulikuwa ukishuka polepole, ukitua kwenye mabega ya mama mkwe, kwenye mvi zake. Ulipendeza kuutazama. Alisimama kitambo akiutazama tu, kabla hajaelewa kwamba kile ni chakula chao.

Alipanda darini. Hindi aliloshika lilibomoka mkononi. Lilikuwa limejaa dumuzi, wadudu watoboao nafaka.

Waliyashusha mahindi yote, wakayaanika, wakachambua. Yaliyosalimika hayakufika nusu. Elirehema alipopata habari alipanda mlimani na dawa ya unga kutoka dukani, wakaipaka kwenye mbegu. Mahindi ya kula Ernesta alikataa yatiwe dawa, akisema hatakula sumu uzeeni. Na juu ya hayo, nyasi za paa nazo zilikuwa zimeanza kuingiwa na mchwa.

"Mama, nimekuharibia nyumba," Anaeli alisema.

"Mdudu hukumleta wewe," Ernesta akamjibu. "Alikuwepo siku zote. Moshi ndio uliokuwa unamfukuza, nasi tukadhani unatutesa bure."

Anaeli alilia kidogo, kisha akaenda kuyatafuta mafiga nyuma ya nyumba, akayapanga upya chini ya dari. Jiko la udongo hakulibomoa. Akawa anapikia hilo, na kila jioni anakoka moto wa mafiga kwa kuni mbichi, bila chungu juu yake, ili moshi upande kwenye mahindi. Akaanza tena kwenda msituni, ingawa si kama zamani. Mwalimu wa majiko kutoka Same alipopita kukagua na kukuta mioto miwili, Anaeli alimweleza yaliyotokea, wakatazama juu darini wote wawili.

Moto wa jioni ukishakolea, Anaeli humshika mama mkwe mkono wakatoka nje, moshi ukafanya kazi yake peke yake. Hukaa wameegemea ukuta, wamejifunika khanga moja. Mbali bondeni, taa za malori husogea kwenye barabara kuu, ndogo, bila sauti. Jioni moja Ernesta alinyoosha kidole kwenye taa moja, akasema lori hilo amelipakia Elirehema. Anaeli alijua hakuna awezaye kujua. Hata hivyo naye aliifuata kwa macho mpaka ikapotea.