Miadi ya Alasiri

Tusekile alikuwa mkunga hodari, lakini kwa sala alikuwa mvivu, na mwenyewe hakuficha. Akipiga magoti peke yake, kabla hajafika kwenye mkate wa kila siku kichwa kishalala kitandani na anakoroma. Ndiyo maana kanisa lao la Tanzania lilipowatuma Komoro kutibu wagonjwa, yeye wa Rungwe na Yunisi wa Dodoma, alimshukuru Mungu kwa ajili ya Yunisi kabla ya kumshukuru kwa ajili ya kazi. Yunisi hakuwa na huruma. Ukisinzia, anakufinya.

Mjini Moroni walipanga chumba kimoja mtaa wa Badjanani, nyuma ya Msikiti wa Ijumaa wa zamani, na kila alasiri wakitoka kazini walisali pamoja. Kuhubiri hawakuruhusiwa; ruhusa yao ilikuwa ya sindano na dawa. Basi wakahubiri kwa sindano, mengine wakamwambia Mungu. Mara yakaja mambo ya Rais Ali Soilih na mapinduzi yake: Wafaransa wameondoka, makarani wamerudishwa makwao, ofisi zimeshikwa na vijana waliokuwa darasani juzijuzi. Mmoja wao akamwita Tusekile, akamwambia afunge mizigo, Mutsamudu, kisiwani Nzwani, wanahitaji mkunga.

"Nitakufa kiroho huko!" Tusekile alilia, nguo nusu ndani ya sanduku, nusu nje.

"Hufi," alisema Yunisi. "Simu ni ya kubahatisha, na barua ndiyo usiseme. Lakini adhana wanaadhini huku na huko. Ukisikia ya Alasiri, piga magoti, nami nitakuwa nimepiga yangu. Ukilala nitajua."

"Utajuaje, nawe uko ng'ambo ya bahari?"

"Wewe jaribu uone."

Mutsamudu alipata chumba katika mji wa kale, kwa Bi Koultoumi, mjane aliyekulia Unguja na kurudi na Kiswahili chake chote, matusi yakiwemo. Kila siku Tusekile alirudi kwa miguu kutoka hospitali ya Hombo, vumbi mpaka magotini. Ananawa mikono, uso na miguu kwenye pipa la uani. Anajifunga kitambaa cheupe, maana kwao mwanamke hasali kichwa wazi. Anatandika mkeka, anaelekea dirisha la baharini, alikodhani ndiko Moroni. Adhana ikilia, huyo, magoti chini! Na ajabu ya Mungu, usingizi hakuuona tena. Kule kujua kwamba Yunisi naye yuko magotini saa hiyohiyo kulimfinya kuliko vidole. Aliwataja wagonjwa kwa majina, akatoka amechangamka.

Sasa wewe unayeijua Mutsamudu umeshaliona balaa. Mwanamke anatawadha, anajitanda, anaelekea baharini, na bahari ya Mutsamudu iko kaskazini, na kaskazini ndiko kibla! Moroni yenyewe wala haiko upande huo. Echat, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye macho yasiyojua pazia, aliona mara ya kwanza akanyamaza. Alijitahidi, maskini, lakini siri ilimwasha ulimi. Haukupita muda mtaa mzima ukajua kwamba mkunga Mkristo amesilimu, haya tu ndiyo inayomzuia kusema.

Siku moja Tusekile aliporudi alikuta ua umejaa wanawake. Sherehe kubwa serikali imepiga marufuku, lakini nani amekataza keki? Keki zilikuwapo, na sambusa. Loutfia, binti wa Bi Koultoumi, ambaye Tusekile alimzalisha majuzi, alikuwa amempakata mtoto huku akitokwa na machozi ya furaha. Vigelegele vikapasuka. Bi Koultoumi akamkumbatia Tusekile, akamfunika shiromani mpya, lile vazi jekundu la wanawake wa Nzwani.

"Ulituficha, mwanangu! Sasa u wetu kabisa. Na chumba hukipangi tena, ni chako."

Lo! Tangu atoke Moroni hakuna aliyemkumbatia hivyo, na ukweli ni kwamba alipenda. Akinyamaza tu, ana mama, ana nyumba, ana ndugu mtaa mzima. Akisema, atamwaibisha mjane huyu mbele ya watu, na nani atamwita tena kumzalisha? Alitaka kunyamaza, alitaka sana. Lakini Alasiri ilikuwa inakaribia, na Yunisi angepiga magoti kumwombea. Angeweza kujidanganya mwenyewe. Kumwongopea Yunisi asingeweza, hata akiwa ng'ambo ya bahari.

"Mama," alisema, "njoo ndani kidogo."

Akamweleza yote. Uso wa Bi Koultoumi ukasawijika.

"Nimewaambia watu mpaka Domoni, upande wa pili wa kisiwa," alisema. "Mpaka Domoni, Tusekile! Uso wangu nitauweka wapi?"

"Nisamehe, mama. Nitahama."

Bibi akaketi kitandani, naye Tusekile akaanza kutafuta sanduku lake kwa macho.

"Huyo mwenzako wa Moroni. Mnamwomba Mungu nini?"

"Wagonjwa. Mtaa huu. Siku ile Loutfia alipokwama, mtoto amekaa vibaya, nilikuwa natetemeka, hata kusali sikuweza. Adhana ikalia. Nikajua Yunisi keshapiga magoti kwa ajili yangu. Mikono ikatulia, mama, ndipo nikamgeuza mtoto."

"Saa hiyohiyo," alisema Bi Koultoumi polepole, "nami nilikuwa juu ya mswala wangu, namlilia Mungu." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Na huyo mwenzako, mimi ananijua?"

"Anakujua, simu ilipokubali nilimwambia. Na goti lako tunaliombea, la kulia."

"La kushoto! Ndiyo maana haliponi!"

Wakatazamana, kicheko kikawashika wote wawili mpaka bibi akashika mbavu. Kisha akajikongoja akatoka kwenda uani.

"Sikilizeni! Mkunga hakusilimu. Kosa ni la macho ya Echat na mdomo wangu. Amesema kweli pale ambapo uongo ungemfaa, na msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Kuleni keki."

Echat alitamani ardhi immeze. Wanawake wawili waliweka sahani chini wakaondoka bila kuaga, na Tusekile ilimuuma kuwaona wakienda. Waliobaki walikula. Alipoanza kulivua shiromani, Bi Koultoumi akampiga mkono.

"Liache hapo. Nimekupa wewe."

Adhana ya Alasiri ikalia. Wanawake wakaliendea pipa kutawadha, na Tusekile akabaki amesimama katikati ya ua, hajui ajiweke wapi, anaona haya kupiga magoti yake mbele ya watu waliokwisha kujua. Bi Koultoumi, mikono ikichuruzika maji, akamsukuma mgongoni kuelekea chumbani.

"Unangoja nini? Ingia ndani, mwenzako yuko magotini peke yake."