Mahale Bila Nestori

Kwa miaka mingi Mwalimu Dorotea aliwafundisha watoto wa Mwamkulu habari za Milima ya Mahale, jinsi inavyoinuka kutoka ukingoni mwa Ziwa Tanganyika mpaka mawinguni, na sokwe wanaoishi kwenye misitu yake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona hata kwa mbali. Jambo hilo lilimkera, na aliyemkera zaidi ni mumewe, Nestori.

Si kwamba Nestori alikuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi wa mashine za kusaga, na hakujua kumwambia mtu "hapana". Mwaka wa tisini na tano walikwenda Sitalike kuwatazama viboko wanavyosongamana mtoni wakati wa kiangazi. Kabla hawajafika darajani, mtu mmoja akamtambua fundi, akamvuta kwenye mashine yake iliyoharibika. Siku ile Dorotea aliwasikia viboko wakikoroma huko mtoni, yeye amekaa juu ya gunia la pumba, akimsubiri mume atoke chini ya mashine.

"Safari hii ni Mahale," Dorotea alisema likizo ya mwaka uliofuata. "Na huo mfuko wa spana unaubakisha nyumbani."

"Nimesikia, Mama Rosine."

Wakamwacha mtoto wao Rosine kwa bibi yake, wakapanda lori lililokuwa linakwenda Ikola kuchukua dagaa. Huko wangepata boti ya kuelekea milimani. Walipofika Kapalamsenga, dereva akasimama kupoza injini, Dorotea akashuka kununua samaki wa kuchoma. Kurudi, Nestori hayupo. Akamkuta kwenye mashine ya mama mmoja aitwaye Kabula, amelala chali, spana mkononi.

"Hiyo spana umeitoa wapi?"

"Ya Kabula. Namalizia tu."

Lori likaondoka bila wao. Wakalala kwa Kabula, ambaye aliwachinjia kuku na kumwita Dorotea "wifi" kila baada ya tonge, kana kwamba mgeni wake alitoka Mwamkulu kutafuta mawifi. Dorotea alikula kwa adabu, roho inamchemka.

Kesho yake walipofika Ikola kwa lori jingine, boti ilikuwa imeshawashwa. Dorotea akakunja kitenge, akaingia majini kuifuata. Nyuma yake akasikia, "Fundi! Fundi Nestori! Mungu amekuleta!" Bwana mmoja alikuwa amemshika Nestori mkono. Mashine ya pale kijijini ilikuwa imekufa, akasema, na wanawake walikuwa wanatwanga mihogo mpaka mikono inachubuka.

Nestori akamtazama mkewe.

"Usinitazame mimi," Dorotea alisema. "Mwambie uko likizo."

"Mama Rosine, hawa watu hawana unga."

"Na mimi sina mume!"

Abiria wakaangua kicheko. Dorotea hakucheka. Alipanda boti, akaketi akiwa ameupa ufukwe mgongo, na boti ilipong'oa nanga hakugeuka. Alilia kidogo kwa hasira, halafu akanyamaza kwa kuwa mawimbi yalimlazimisha kushika ubao kwa mikono miwili.

Asubuhi iliyofuata aliiona milima. Ilisimama juu ya maji, kijani kibichi, vilele vimefunikwa na ukungu, na akatambua kwamba picha aliyokuwa akiwachorea watoto ubaoni ilikuwa ya vichuguu tu. Askari wa hifadhi akamwongoza msituni, Dorotea akiteleza, akishika mizizi, mpaka wakasimama. Sokwe jike akapita mbele yao polepole, mtoto amempanda mgongoni kama jamaa aliyepewa lifti.

"Umemwona?" Dorotea alinong'ona, akageuka.

Ni askari tu. Naye alikuwa anapiga miayo.

Hapo ndipo hasira ilipompanda upya. Mwanamume yule alikuwa amemnyima hata mtu wa kuambiana naye.

Aliporudi Ikola, Nestori alikuwa amesimama ufukweni, shati limejaa grisi, mkononi kapu la dagaa alilopewa na wanawake wa kijiji.

"Uliwaona?"

"Niliwaona."

"Wakoje?"

Dorotea alikuwa ameapa kutomsimulia lolote mpaka wafike Mpanda, karibu na kwao. Alipanda lori, akatazama ziwa likididimia nyuma ya vilima. Nestori akaketi kando yake, kapu mapajani.

"Kulikuwa na mmoja amebeba mtoto," Dorotea alisema ghafla, kwa ukali. "Mgongoni. Na wewe usinikatize."

Nestori hakumkatiza.