Saa Nne, Siku ya Jumatano

Kanisani walimwita Mama Maombi, na jina lilimkaa kama nguo aliyojipima mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani na mwenyekiti wa kikundi cha maombi cha akina mama, na kazi zote mbili alizifanya kwa mdomo uleule. Mteja akileta kitambaa pamoja na shida yake, Mama Maombi angesema, pini zikiwa zimebanwa menoni, "Hilo niachie mimi. Nimeshakushika kwenye maombi." Kisha angeandika jina la mteja kwenye kikaratasi, akakibana kwenye kitambaa, na ile shida ingesahaulika kabla mwenyewe hajafika barabarani.

Si kwamba alikusudia kudanganya watu, la. Angeomba akimaliza pindo hili, akimaliza kola ile, akifika nyumbani. Na nyumbani akifika, usingizi ulikuwa umeshamtangulia kitandani.

Kwenye kona ya chumba hichohicho alikaa Mzee Vifungo, fundi wa kazi za mkono, aliyepokea kila nguo ikitoka kwenye cherehani. Kanisani alikaa benchi la mwisho na hakuwahi kuitwa mbele kuomba. Ila alikuwa na kituko chake: akishona, midomo ilimcheza kutwa nzima.

"Anatafuna uzi huyu, msimwone hivi," Mama Maombi alizoea kumtania mbele ya wateja. "Mzee, ipo siku utaumeza." Wateja walicheka, mzee naye akacheka, akaendelea na vifungo vyake.

Basi siku moja akaja mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mpole na mteja wa siku nyingi, na kitambaa cha blauzi. Alikuwa na uvimbe kooni. Atafanyiwa upasuaji, na daktari amemwambia wazi kwamba sauti inaweza isirudi. Mwalimu asiye na sauti atafundisha nini?

"Jumatano saa nne asubuhi naingia," alisema. "Sitaki mengi, Mama. Saa hiyo tu uwe magotini. Nikijua hivyo sitaogopa."

"Saa nne kamili," Mama Maombi akajibu, akibana kikaratasi.

Saa nne ya Jumatano ilimkuta akibishana na karani mmoja kuhusu zipu ya sketi. Alikumbuka saa saba, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni. Ameshatoka huyo, alijiambia, akameza. Kesho yake akina mama walipomuuliza kama alimwombea mwalimu, ulimi ukamtangulia: "Nilipiga magoti palepale kwenye vitambaa, mpaka machozi." Wote wakaitikia amina.

Wiki mbili zikapita. Jumamosi mwalimu akaja kuchukua blauzi, skafu shingoni. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake. Akamshika Mama Maombi mikono yote miwili.

"Wenzako wamenisimulia ulivyolia. Nilipolazwa pale nikaiona saa ukutani, nne kasoro dakika mbili. Nikasema, sasa anainuka kwenye cherehani. Woga wote ukanitoka. Kesho nitakutaja mbele ya kanisa zima, nawe usimame ushuhudie."

Ingekuwa rahisi kutabasamu tu. Lakini Mama Maombi alitupa jicho kule kwenye kona. Mzee alikuwepo Jumatano ile, na ugomvi wa zipu aliusikia wote. Hakuinua uso. Mzee angemkodolea macho, pengine Mama Maombi angemkaripia na mambo yakaisha. Ukimya ule ndio uliomshinda.

"Usinitaje," akasema, na uso ulimwaka. "Sikuomba. Nilikuwa nabishana na mtu kuhusu zipu. Na kwenye kikundi nilidanganya."

Mwalimu akarudisha mikono yake polepole. "Na mwanangu, alipolazwa?"

"Hata yeye."

"Na mama yangu? Miezi yote ile, mpaka tukamzika?"

Mama Maombi alitikisa kichwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ya saruji ilikuwa nzima.

"Kumbe saa ile sikuwa na mtu," mwalimu akasema.

Hapo Mama Maombi akageuka, kama mtu aliyeguswa begani. "Mzee, Jumatano ile saa nne ulikuwa unashona nini?"

"Blauzi ya mwalimu. Vifungo sita."

"Na midomo?"

Mzee aliona haya, utadhani yeye ndiye aliyekosa. "Kila nguo inanijia na jina la mtu," akasema. "Nikae nalo nusu saa nzima, nisimtajie Mungu? Ile blauzi niliiweka makusudi isubiri saa nne. Niliwasikia mkipatana."

Mwalimu aliichukua blauzi, akaenda kwenye kona, akamshika mzee mikono yote miwili. Kisha akatoka. Mama Maombi hakuagwa, na alijua anastahili.

Kesho angesimama mbele ya akina mama na kurudia aliyoyasema leo. Akavuta kitambaa kilichofuata. Akakisoma kikaratasi. Akatafuta maneno akayakosa, maana maombi yote aliyoyajua yalianza kwa sauti kubwa, watu wakisikiliza. Akalitaja lile jina tu, chini chini. Akazungusha gurudumu la cherehani, akalitaja tena.

"Angalia usimeze uzi," Mzee Vifungo akasema bila kuinua kichwa.

Midomo ya Mama Maombi iliendelea kucheza. Alikuwa bado hajafika kwenye amina.