Mahali Panapokauka Kwanza

Jale alichovya vidole kwenye kopo, akanyunyizia maji juu ya tanuru, akachuchumaa kungoja. Tanuru la makaa ni mnyama aliyefukiwa hai: moshi unaweza kutokea huku na moto unakula kule. Mchoma makaa hauamini moshi. Ananyunyizia maji, halafu anatazama udongo unakauka wapi kwanza. Hapo ndipo moto unatafuna magogo yawe majivu, na hapo anarundika udongo haraka.

"Hodi, shemeji."

Hakugeuka. Sauti ya Viktoria ilikuwa ya Poni kabisa, na kosa hilo peke yake Jale hakuwa amemsamehe. Poni, mkewe, alikuwa dada wa Viktoria, tumbo moja. Ugonjwa nao ulikuwa mmoja: damu kwenye mkojo, maumivu ya mgongo, figo. Poni alizikwa hapa Lurujo mwaka 1992. Viktoria, miaka miwili baadaye, alipelekwa Ujerumani.

"Nimesikia umerudi," Jale akasema. "Koboko nzima imesikia. Bwana yako amepiga ngoma mpaka Oraba."

"Jumapili iko misa ya shukrani. Celestino anataka gunia kumi za makaa."

"Mwambie achome mafaili yake."

Viktoria alicheka, akashika ubavu, akaketi juu ya gogo. Alikuwa amenenepa, au labda ni lile koti la kizungu tu. Viatu vipya. Poni alizikwa pekupeku.

Siku tatu Jale alikaa kwenye benchi la ofisi moja kule Arua Hill, barua ya zahanati ikilowa jasho mfukoni, akitafuta mhuri wa kumpeleka Poni Kampala. Kesho, mzee. Kesho. Celestino, karani humo humo, alipita na mafaili kwapani: "Vumilia, mwanyumba, mkubwa iko safari." Walioa nyumba moja, lakini ufunguo wa kabati la mhuri alikuwa nao mmoja wao. Ilipofika zamu ya Viktoria, mkubwa hakuwa safarini. Wakubwa huota moto, wengine huvuta moshi. Na kwenye matanga, wajomba wa Poni walipomtoza Jale fahali kwa kumwacha binti yao afe, Celestino alikaa upande wao, anatafuna nyama, kimya.

"Nimekuja na kitu," Viktoria akasema. Alitoa bahasha ndani ya koti, na ndani ya bahasha filamu kubwa, akaiinua juani. Mtu mzima wa kijivu alisimama humo, hana nguo, hana uso.

"Wanakufungisha njaa, halafu wanakuchoma sindano ya sukari. Sukari yenyewe wameitia mionzi. Unalala kimya saa nzima. Ugonjwa iko na njaa kuliko nyama ingine, unakimbilia ile sukari, na mashine inaona imejikusanya wapi."

Jale alitazama kopo lake la maji.

Wivu ulimpanda. Haukuwa tena wivu wa ndege wala wa koti. Wazungu walikuwa na mashine inayofanya kazi ya mikono yake, na wamemfanyia huyu.

"Hii nyeusi huku juu?"

"Ubongo. Huo unakula sukari siku zote, hakuna ubaya. Hii ya chini ni kibofu, sukari inatoka na mkojo. Kinachowaka, wao wanakichora cheusi."

"Kama makaa."

"Kama makaa. Figo moja walishatoa mwezi wa tatu. Hii ni picha ya pili, ya kuangalia kama imekwisha."

Jale alisogea. Madoa mawili kifuani. Jingine kwenye uti wa mgongo, dogo kama punje ya mtama.

"Na hizi?"

Viktoria aliishusha filamu.

"Celestino anajua?"

"Nilimwambia ni kivuli cha mashine. Kesho yake akatangaza misa." Aliirudisha filamu kwenye bahasha, taratibu, kama mtu anayemvika mtoto nguo. "Daktari alisema na Kijerumani, mutu wa kutafsiri akaangalia viatu vyake. Wewe ndiye uliona, shemeji. Tangu mgongo kuanza mpaka kulala kitandani, Poni alikaa muda gani?"

Jibu hilo Jale alikuwa amelinoa miaka miwili kwa ajili ya nyumba ya Celestino. Mvua moja, msimu mmoja. Mvua moja tu, na wewe utaona. Alifungua mdomo.

"Hapana jua," akasema.

"Hapana jua? Bibi yako?"

"Mgongo ulianza tukibeba magogo ya tanuru. Mimi nikasema anakwepa kazi." Alikwangua udongo kwenye ukucha. "Nilimwita mvivu, Viktoria. Siku ngapi nilimwita mvivu, mimi hapana hesabu."

Wajomba walipodai fahali hakuwaambia hilo. Alilipa, akawatukana wakubwa wa ofisi ya Arua Hill.

Viktoria aliinuka. Kisha alivua lile koti, akalitandika juu ya gogo, akachukua kopo. Alinyunyiza kama alivyomwona yeye akinyunyiza, kwa vidole, kote. Udongo ukawa mweusi. Waliinama pamoja, mabega yao yakikaribia kugusana, mpaka upande wa mashariki, karibu na kiatu kipya, doa moja likaanza kupauka.

Jale alinyakua sepetu.

"Ngoja," Viktoria akasema. "Niache nitazame kwanza."