Wasifu wa Tano

Kiwandani kwao Brno, kila mkuu mpya wa ofisi ya wafanyakazi alipoingia, watu waliandika upya maisha yao, kwa mkono. Otakar Vrbka, karani wa takwimu, alikwisha kuandika mara nne. Wasifu wa tano ulitakiwa Jumatatu. Ubaya ni kwamba maandiko yale manne yalikuwa jaladani, na mtu angekaa ayalinganishe mstari kwa mstari.

Jumapili ile madonge ya unga yalimpoea kwenye sahani. Redio ilikuwa ikisoma majina ya walioshtakiwa kwa uhaini Praha.

"Ule wa mwaka arobaini na sita niliandika nini?" akamuuliza mkewe kwa mara ya kumi. "Niliutaja mswada wangu wa London, au sikuutaja?"

"Nitajuaje mimi?" Drahomíra akasema. "Wakati ule ulikuwa unajitapa kwa kila mtu. Hata muuza makaa anajua ulikuwa London!"

Huko London, akiwa mkimbizi wa vita, Otakar aliandika mswada wa kurasa hamsini: Wacheki na Wapolandi wawe na shirikisho moja, forodha moja, na mpaka usio na askari. Wazo halikuwa lake peke yake. Babu zake walitamani Austria iwe nyumba ya mataifa yaliyo sawa. Baba yake alitaka nchi za Danube zifanye biashara bila kuoneana. Vitani viongozi wa uhamishoni walitia hata saini mapatano na Wapolandi, mpaka Moscow ilipokunja uso na kila mmoja akajifanya hajawahi kulisikia jambo hilo. Yalikuwa mawazo ya mataifa madogo yaliyochoka kukanyagwa, basi. Sasa yaliitwa njama za mabeberu, na mwenzake wa dawati moja kule London alikuwa amefungwa miaka kumi na mmoja kwa ajili ya mawazo hayo.

"Usiuandike," Drahomíra akasema.

"Na kama nimeshautaja? Wataniuliza kwa nini leo nimeuficha."

"Haya, uandike basi, ujikaange kwa mafuta yako mwenyewe!" Kisha akaanza kulia, akaenda kuosha vyombo ambavyo havijatumika.

Otakar akauandika. Akaongeza kwamba alikosea, alidanganywa, anajuta. Aliharibu karatasi tatu kabla ya kumaliza.

Jumatatu asubuhi akasimama mbele ya mkuu mpya, Ndugu Květuše Pazderová, mama aliyetolewa kwenye mashine za kufuma mwezi uliopita. Alisoma kwa kidole, akitamka kila neno kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili. Alipofika kwenye shirikisho, mpiga chapa wa dawati la pili aliacha kupiga.

Pazderová akafungua jalada. Akapekua, akarudia kupekua.

"Ndugu Vrbka, hili umelitoa wapi?"

"Si limo, Ndugu? Kwenye ule wa mwaka arobaini na sita."

"Halimo."

Akamgeuzia jalada. Mwandiko ulikuwa wake kabisa: *Wakati wa vita nilikuwa London, kazi ya ofisini.* Hapo ndipo alipokumbuka. Kwa mdomo alijitapa, ndiyo, lakini siku ya kuandika aliketi meza moja na wanaume waliotoka kambi za Wajerumani, wamebaki mifupa, naye akaona aibu kuandika kwamba vita yake ilikuwa ya kalamu.

Akanyosha mkono mezani. "Nirudishie hiyo karatasi, mama," akanong'ona. "Nakuomba. Naiandika upya sasa hivi."

Pazderová akamtazama, kisha akamtazama mpiga chapa, aliyekuwa amekaa mikono juu ya mapaja, akingoja.

"Nimeshaisoma kwa sauti," akasema. Midomo yake ilikuwa imekauka kuliko ya Otakar. "Kaa kitini. Kaa tu, baba. Nina watoto wawili mimi."

Akainua simu.