Seremala na Malkia wa Bustanini

Mshonaji na mumewe seremala walikaa kwenye nyasi za bustani, jua likiwaka, wakitazama mchezo wa nyimbo. Wasiwasi ukamwingia mke. Mumewe, mtu asiyejua hata kupiga mluzi, alikuwa akifuatisha kila wimbo kwa midomo, macho kamkazia binti aliyecheza malkia.

"Nyimbo hizi umezijulia wapi, baba watoto?"

"Nazisikia tu."

"Mbona mchezo wenyewe unaonyeshwa leo kwa mara ya kwanza?"

Seremala akajikuna shingo. "Zile jioni nilizokwambia natengeneza madawati, nilikuwa mazoezini. Niliogopa utanicheka."

Hakumwamini, mpaka mumewe alipoinuka, akapanda jukwaani na kuitikia pamoja na askari wa malkia. Aliimba vizuri. Mkewe akampigia makofi, lakini hakumwondolea macho yule malkia.