Picha Kutoka Majini

Asubuhi yote ya majaribio ya kurusha mbio za mitumbwi, Kasonde, akiwa botini, alisikia neno moja kwenye redio ya mkononi: unga.

"Naona unga tu," alisema mkuu wake, Sitwayen, yaani Raia, Ngosa, aliyeketi ufukweni mbele ya televisheni. "Unga wa kupikia bukari! Mitumbwi iko wapi?"

"Tunageuka, mukubwa. Picha inarudi."

Ilirudi, kisha ikapotea tena katika vitone vyeupe. Kila mara boti lao lilipopinda, mawimbi ya picha yalikosa njia. Kasonde alibeba kamera begani. Nyuma yake Mutale, fundi wa makamo, alishika kwa mikono miwili antena ya duara kama karai, akiielekeza kwenye mlingoti wa ufukweni. Boti likienda kushoto, yeye huizungusha kulia.

"Itakuchosha, kaka Mutale?"

"Weye angalia kamera yako. Hii karai ni yangu."

Mtambo huo wa kurusha picha moja kwa moja ulikuwa wa kuazima kutoka Kinshasa. Ngosa alikuwa amesema wazi: mbio za mwisho zikionekana mpaka mwisho, utabaki Lubumbashi, zikikatika, kesho unapanda ndege. Kasonde, aliyemaliza chuo kikuu mwaka jana tu, hakuwaza kitu kingine. Kituo chao cha televisheni kilionyesha meza, pazia na mtu anayesoma hotuba tu. Yeye alitaka watu wa mtaa wa Makomeno wajione, na wakulima wa Lukafu waonekane shambani siku ileile wanayolima.

Mbio za mwisho zikaanza. Safari hii Mutale hakukosea hata kona moja.

"Iko muzuri!" Ngosa alipiga kelele redioni. "Naona mpaka jasho! Endelea hivyo hivyo!"

Kasonde alitaka kucheka. Mitumbwi miwili ilikuwa sambamba, mwisho ukiwa karibu kabisa. Hapo ndipo Komisa, mkubwa wa mkoa, alipowasili kwa kuchelewa, na bendi ikampokea kwa wimbo wa chama.

Wimbo ule ukipigwa, kila mtu husimama wima, mikono chini. Mwenye boti akazima injini. Wapiga makasia wakainuka, mitumbwi ikagongana, mmoja ukapinduka. Na waliomwagika wakasimama palepale, maji kifuani, mikono imeshuka. Kasonde mwenyewe alikuta miguu yake imekwisha kujinyoosha. Lakini kamera ilibaki begani, ikiona yote. Haikuwahi kutokea picha kama ile.

Akageuza macho. Karai lilikuwa limelala sakafuni.

"Antena, kaka!" alinong'ona.

"Wimbo," Mutale akajibu bila kusogeza midomo, macho kwa watu wa ufukweni. "Bananiangalia."

Wimbo ulipokwisha, Mutale aliinua karai, na picha iliyofika ufukweni ilikuwa ya mtumbwi mtupu ukielea.

Ngosa aliwapokea akijifuta uso. "Tutasema mtambo ni mbovu. Siwezi kumwambia Komisa wimbo ndio umekata picha."

Mtambo ukiitwa mbovu, umekwenda. Akisema Mutale ndiye aliyeshusha antena, Mutale ataulizwa kwa nini anaulaumu wimbo wa chama.

"Mtambo ni mzima," alisema. "Mimi ndiye nilikosea. Niligusa swichi."

Ngosa alijifuta uso tena. Alijua ni uongo, lakini hata yeye alikuwa amesimama wima wimbo ulipopigwa. "Sawa. Mtambo utabaki. Lakini atautumia mwingine. Weye rudi studio, kwenye hotuba."

Mutale alikunja waya. Alipomaliza akasema, "Lakini mutoto, ningefanya nini?"

Kasonde alitaka kumfokea. Alilipiga karai teke dogo, kisha akaliokota, akalipima kifuani mwa Mutale.

"Tafuta kamba," alisema kwa hasira. "Lining'inize shingoni hivi. Wakipiga wimbo, ushushe mikono yako. Karai lisishuke."

"Na huyo mupya wa kamera, nitamwambia ni shauri la nani?"

"Usimwambie. Mpeleke tu kwa wakulima wa Lukafu."